Kompyuta Yenye Mifumo Miwili Inapogoma Baada ya Sasisho: Nini Hasa Kimeharibika?

Katikati ya Agosti 2024, watu wengi waliokuwa na Windows na Linux ndani ya kompyuta moja waliwasha mashine zao wakakuta maandishi haya kwenye skrini nyeusi: “Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation. Something has gone seriously wrong: SBAT self-check failed: Security Policy Violation.” Baada ya muda mfupi mashine ilijizima yenyewe. Windows ilikuwa imetoka kupokea sasisho lake la kila mwezi, lile la tarehe 13, na maelezo yaliyoenea haraka yakawa mafupi: Windows imeifuta Linux. Hayakuwa ya kweli, lakini yamebaki midomoni mwa watu. Mpaka leo, kompyuta ya namna hiyo ikigoma baada ya sasisho lolote, liwe la Windows au la Linux, mwenye nayo huambiwa na fundi au rafiki kwamba dawa ni moja tu, kufomati.

Mara nyingi ushauri huo unaangamiza kile ambacho hakijaharibika. Mafaili yapo salama, mifumo yote miwili ipo mahali pake kwenye diski, na kilichokatika ni hatua moja ndogo katika mlolongo wa kuwaka. Kazi ya kwanza ni kujua ni hatua ipi.

Suala hili linawagusa watu wengi zaidi sasa kuliko zamani. Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta zisizo na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, wala zile za Intel ambazo prosesa yake ni ya kabla ya kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Miongoni mwa laptopu za mitumba zinazouzwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, zipo nyingi zilizoachwa nje na masharti hayo, na baadhi ya wenye nazo wameweka Linux pembeni ya Windows bila kuambiwa ni nini hutokea mfumo mmoja unapojisasisha bila kumjali mwenzake.

Mlolongo wa kuwaka

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kompyuta nzima. Windows ni mfumo mmoja na Linux ni mwingine, huku Ubuntu, Linux Mint na Debian yakiwa ni matoleo ya Linux yaliyofungashwa na watu tofauti. Kompyuta yenye mifumo miwili ni ile ambayo diski yake imegawanywa, kila mfumo ukapewa patisheni yake, na mtumiaji huchagua wakati wa kuwasha aingie upi. Mifumo hiyo haifanyi kazi kwa pamoja. Ukiwa ndani ya mmoja, mwingine umelala kabisa.

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, hakuna hata mmoja kati ya mifumo hiyo unaoamka kwanza. Kinachoamka ni programu iliyomo ndani ya ubao mama wenyewe, iitwayo UEFI, ambayo mafundi wengi bado huiita BIOS kwa mazoea ya mashine za zamani. UEFI ina orodha yake fupi inayosema nani aitwe kwanza na nani afuate, na orodha hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya ubao mama, si kwenye diski. Ikishaisoma, inakwenda kwenye patisheni ndogo inayojulikana kama ESP, ambayo Windows huitenga yenyewe wakati wa kuwekwa, kwa kawaida ikiwa na MB 100 tu. Humo mna folda ya Microsoft na folda ya Linux, mathalani yenye jina la ubuntu, na ndani ya kila folda mna kianzishi, yaani programu ndogo ambayo kazi yake ni kuuamsha mfumo endeshi na kuuachia usukani.

Kianzishi cha Windows huitwa Windows Boot Manager. Upande wa Linux kuna viwili vinavyofuatana, kwanza shim, kisha GRUB, ambayo ndiyo inayoleta ile menyu ya kuchagua mfumo. Ukichagua Linux, GRUB hupakia kiini cha Linux (kernel), yaani sehemu yake ya msingi, na kiini ndicho kinachoendelea na yaliyobaki hadi uone sehemu ya kuandika nywila.

Kwa upande wa Linux, basi, mlolongo ni UEFI, shim, GRUB, halafu kiini. Mtu akiukariri amepata nusu ya ufundi, kwa sababu kila hatua ikikwama huacha alama yake kwenye skrini, na alama hizo hazifanani.

Mlinzi na kadi

Ujumbe wa Agosti 2024 ulitoka kwenye hatua ya shim, na hauwezi kueleweka bila kuieleza Secure Boot. Hiki ni kipengele cha UEFI kinachokagua sahihi ya kila kianzishi kabla ya kukiruhusu kufanya kazi, ili programu haribifu isijipenyeze chini ya mfumo endeshi, mahali ambapo programu za kuua virusi hazifiki. Mfikirie mlinzi wa mlangoni kwenye ukumbi wa harusi. Asiye na kadi hapiti, na kadi lazima iwe na muhuri wa kamati. Kwenye kompyuta nyingi muhuri unaotambuliwa ni wa Microsoft, na ndiyo sababu ya kuwapo kwa shim: ni kianzishi kidogo cha Linux kilichopelekwa Microsoft kikatiwa sahihi, nacho ndicho kinachomdhamini GRUB mlangoni. Tatizo huanza pale inapogundulika kwamba kadi fulani, halali na zenye muhuri wa kweli, zilichapishwa vibaya kiasi kwamba mtu anaweza kuzichezea akaingia nazo asiyealikwa. Mlinzi anayetazama muhuri peke yake atampitisha.

Jambo kama hilo lilitangazwa Julai 2020, kasoro ya GRUB iliyopewa jina la BootHole. Dawa ya wakati huo ilikuwa kumpa mlinzi orodha ya kadi mbovu, moja baada ya nyingine. Vyeti 3 vya kutia sahihi na alama za utambulisho za vianzishi 150 viliingizwa kwenye orodha ya waliozuiwa, na tukio hilo moja likala takriban KB 10 kati ya KB 32 ambazo ubao mama wa kawaida umetengewa kwa ajili hiyo. Matukio mengine mawili ya aina hiyo yangeijaza orodha karibu yote. Ndipo ukabuniwa utaratibu uitwao SBAT, ambao hautaji kadi moja moja, bali unataja toleo la uchapishaji: kuanzia leo, kadi za toleo la chini ya namba fulani hazipiti, awe nazo nani. Agizo fupi namna hiyo linazuia mamia ya vianzishi kwa mkupuo. Shim na GRUB za kisasa hubeba ndani yake namba ya kizazi chake, na ubao mama hubeba kiwango cha chini kinachokubalika. Anayelinganisha namba hizo ni shim, naye huanza kwa kujikagua mwenyewe kabla ya kumkagua GRUB, na hapo ndipo yalipotoka maneno “SBAT self-check failed”.

Agosti 2024

Novemba 2022 ilikuwa imetangazwa kasoro nyingine ya GRUB, yenye namba CVE-2022-2601, inayohusu namna inavyoshughulikia fonti za kuandikia kwenye skrini. Sasisho la Windows la tarehe 13 Agosti 2024 lilipandisha kiwango cha chini cha SBAT ili vianzishi vya zamani vyenye kasoro za namna hiyo visiwake tena. Microsoft ilikuwa imeeleza kwamba kiwango kipya hakitawekwa kwenye kompyuta zenye Windows na Linux pamoja. Baadaye ilikiri kwamba kipimo chake cha kuzitambua kompyuta hizo kilishindwa kwa baadhi yake, zile ambazo mifumo miwili iliwekwa kwa njia tofauti na zilizozoeleka. Kwa hiyo ziliwekewa kiwango kipya kama nyingine zote, na zile zenye shim ya zamani zikakataa kuwaka upande wa Linux. Miongoni mwa walioripoti walikuwamo watumiaji wa Ubuntu, Debian, Linux Mint, Zorin OS na Puppy Linux.

Kwa maoni yangu lawama inagawanyika, ingawa si nusu kwa nusu. Microsoft ilibadilisha kitu kilicho nje ya Windows, kwenye kumbukumbu ya ubao mama inayotumiwa na wote, kwa kutegemea kipimo ambacho hakikufanya kazi, na hilo ndilo kosa kubwa zaidi. Hata hivyo, kasoro yenyewe ilikuwa imejulikana kwa karibu miaka miwili, na mashine ambayo shim yake ilikuwa imeshapanda kizazi haikuwa na sababu ya kugoma. Watu wenye desturi ya kuingia Linux mara moja kwa mwezi, wakaifunga bila kuisasisha, walijiweka kwenye hatari hiyo bila kujua.

Ubaya wa ushauri wa kufomati unaonekana wazi hapa. Kiwango cha SBAT hakimo kwenye diski. Ukiifuta diski yote, kisha ukachukua flashi yako ya Linux yenye shim ya zamani ili uweke upya, flashi hiyo nayo itakataa kuwaka kwa ujumbe uleule, na mafaili yatakuwa yameshakwenda.

Dawa iliyofanya kazi ilikuwa ya dakika chache. Ingia kwenye mipangilio ya UEFI, ambayo kwenye mashine nyingi hufunguka kwa F2 au Delete, na kwenye HP nyingi kwa F10, kisha zima Secure Boot kwa muda. Washa Linux, fungua dirisha la amri, uandike:

sudo mokutil --set-sbat-policy delete

Neno la mwisho katika amri hiyo huwatia watu hofu, lakini halifuti faili lolote; linaiagiza shim kukirudisha kiwango cha chini kwenye hali ya awali itakapowaka tena. Kwa hiyo washa upya, ingia Linux mara nyingine ili agizo litekelezwe, kisha sasisha kila kitu kwa sudo apt update ikifuatiwa na sudo apt upgrade, ili shim na GRUB mpya ziingie. Baada ya hapo rudi kwenye mipangilio ya UEFI uiwashe tena Secure Boot. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa kompyuta inawaka vizuri tu bila hiyo. Ukitaka kujua hali yake ilivyo, andika mokutil --sb-state, na jibu linalotakiwa ni “SecureBoot enabled”. Upande wa Windows, sasisho la Septemba 2024 liliacha kubeba kiwango kile, na marekebisho kamili yalikuja na masasisho ya Mei 2025.

Kabla hujagusa Secure Boot

Maelezo niliyotoa hapo juu yana mtego ambao umewaumiza watu kuliko kasoro yenyewe. Windows ina huduma ya kufunga diski kwa msimbo, iitwayo BitLocker, na kwenye laptopu nyingi za kisasa hujiwasha yenyewe mara tu mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila yeye kutambua. Ufunguo wa diski hutunzwa na chipu ya TPM, na chipu hiyo huutoa pale tu inapoona kompyuta imewaka kwa namna ileile iliyozoea. Ukiizima Secure Boot, namna ya kuwaka imebadilika. TPM inaukatalia ufunguo, na Windows inaleta skrini ya bluu inayodai tarakimu 48. Mwenye mashine, ambaye alikuwa anaitafuta Linux iliyopotea, sasa amepoteza na Windows.

Njia ya kuukwepa mtego huu ni kuutafuta ufunguo kabla ya kugusa chochote. Katika tatizo la SBAT, Windows yenyewe huwa ingali inawaka, kwa kuwa haipiti kwa shim. Bonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia mara tu unapowasha mashine, ambacho ni F12 kwenye Dell, Lenovo na Acer nyingi, na F9 kwenye HP, kisha chagua Windows Boot Manager. Ukishaingia, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike:

manage-bde -status

Patisheni ya C ikionyesha “Protection On”, andika amri ya pili, manage-bde -protectors -get C:, nayo itakuonyesha zile tarakimu 48 zikiwa makundi manane ya tarakimu sita sita. Ziandike kwenye karatasi. Kuzihifadhi kwenye faili ndani ya laptopu hiyohiyo hakusaidii kitu. Kama umeshachelewa na skrini ya bluu iko mbele yako, usibahatishe tarakimu: rudi kwenye UEFI, iwashe Secure Boot kama ilivyokuwa, na mara nyingi Windows itafunguka bila kudai chochote. Isipofunguka, ufunguo utafutwe kwa simu au kompyuta nyingine kwenye anwani aka.ms/myrecoverykey, ndani ya akaunti ya Microsoft iliyotumika wakati Windows inawekwa.

Na akaunti hiyo ni ya nani? Swali hili ni la maana sana kwa mtu aliyenunua laptopu iliyotumika. Kama aliyekuuzia ndiye aliyeianzisha Windows kwa akaunti yake mwenyewe, ufunguo wa diski yako unaweza kuwa umekaa kwenye akaunti yake, na hutaupata bila yeye. Jambo la pili linalofanana na hilo ni nywila ya UEFI. Laptopu zilizokuwa mali ya makampuni huweza kufika sokoni zikiwa bado zimefungwa kwa nywila ya mwajiri wa zamani, na bila nywila hiyo Secure Boot haizimiki. Mwenye mashine ya namna hiyo hajakwama kabisa: flashi ya toleo jipya la Linux, yenye shim ya kizazi kinachokubalika, huwaka hata Secure Boot ikiwa imewashwa, mradi nywila hiyo haikuzuia pia kuwashia kwa flashi. Kutoka humo anaweza kuyaokoa mafaili na kuweka upya kianzishi.

Alama za hatua nyingine

SBAT ilipata sifa kwa sababu iliwapata watu wengi siku moja, lakini katika maisha ya kila siku tatizo la kawaida zaidi ni jepesi kuliko hilo. Kompyuta inawaka, menyu ya kuchagua haionekani, inakwenda moja kwa moja Windows. Hakuna kosa lolote kwenye skrini. Hapa kilichobadilika ni ile orodha ya UEFI ya nani aitwe kwanza. Sasisho kubwa la Windows linaweza kujiweka juu, na sasisho la UEFI yenyewe, ambalo siku hizi huweza kuletwa kimyakimya pamoja na masasisho ya Windows, linaweza kuifuta orodha nzima ikajengwa upya ikiwa na jina moja tu. Bonyeza F12 au F9 kama ilivyoelezwa, chagua ubuntu, na Linux itawaka kama kawaida. Ukiwa ndani yake, andika efibootmgr, utaona kitu kinachofanana na hiki:

BootOrder: 0000,0001
Boot0000* Windows Boot Manager
Boot0001* ubuntu

Mstari wa kwanza unasema Windows ndiyo inayoitwa kwanza. Amri ya sudo efibootmgr -o 0001,0000 inaugeuza mpangilio huo, kwa kutumia namba ulizoziona wewe kwenye mashine yako na si hizi za mfano. Kama jina la ubuntu halimo kabisa kwenye menyu, baadhi ya UEFI hukuruhusu kuliongeza kwa mkono, ukiielekeza kwenye faili la \EFI\ubuntu\shimx64.efi, ambalo kwa kawaida bado lipo mahali pake.

Alama nyingine ni neno “grub>” au “grub rescue>” likiwa peke yake kwenye skrini nyeusi, likisubiri. Hii maana yake GRUB imeamka lakini imepotelewa na mafaili yake, kwa kawaida kwa sababu patisheni imefutwa, imehamishwa au imebadilishwa namba. Windows huweza kujitengenezea patisheni ya uokoaji wakati wa sasisho kubwa, na kwenye mashine za mtindo wa zamani badiliko hilo la namba lilitosha kuipoteza GRUB. Amri ya ls huorodhesha patisheni zilizopo, na kwa kuzikagua moja moja, kwa mfano ls (hd0,gpt5)/boot/grub, utaipata yenye mafaili. Ukishaipata, andika mistari hii, ukibadilisha namba kulingana na yako:

set root=(hd0,gpt5)
set prefix=(hd0,gpt5)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu ikirudi, ingia Linux uimarishe marekebisho hayo kwa sudo grub-install na sudo update-grub, vinginevyo kesho utaanza upya. Asiyependa kuandika amri kwenye skrini nyeusi anaweza kuwasha kwa flashi ya Ubuntu na kutumia programu iitwayo Boot-Repair, ambayo hufanya kazi hiyo kwa kubofya.

Ipo pia hali ya kinyume, ambapo menyu ya GRUB inaonekana lakini Windows haimo. Anayelalamikiwa hapa ni Linux. Kuanzia toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB iliacha kutafuta mifumo mingine kwa hiari yake, kwa sababu za kiusalama, na waliohamia Ubuntu 22.04 waliliona hilo mapema. Windows haijaguswa, menyu haikuiandika tu. Fungua faili la /etc/default/grub, weka mstari wa GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha sudo update-grub.

Mwisho kuna skrini nyeusi inayokuja baada ya kuichagua Linux kwenye menyu. Kama umefika kwenye menyu, basi UEFI, shim na GRUB zote ziko salama, na tatizo liko kwenye kiini kipya au kwenye draiva, hasa za kadi za picha za NVIDIA, ambazo Secure Boot huweza kuzikataa zikiwa hazijatiwa sahihi. Ubuntu huacha kiini cha awali kikiwapo. Chagua “Advanced options for Ubuntu”, chukua kiini chenye namba ndogo zaidi, na ukishaingia shughulikia draiva kwa utulivu.

Yanayosemwa

Husemwa kwamba suluhisho ni kuzuia masasisho yote ya Windows. Katika kisa cha 2024 waliokwama ni wale ambao vianzishi vyao vya Linux vilikuwa vimebaki nyuma, kwa hiyo kuacha kusasisha kunaongeza uwezekano wa mgongano ujao. Linalosaidia ni kusasisha pande zote mbili kwa mwendo unaolingana, Linux ikianza.

Husemwa pia kwamba Secure Boot ni njama ya kuizuia Linux, hivyo izimwe moja kwa moja. Mtu anaweza kuishi bila hiyo, na baadhi ya wataalamu wameichagua njia hiyo, lakini ajue anachoacha: vianzishi vyake havitakaguliwa na mtu, BitLocker huweza kulalamika, na michezo kadhaa ya kompyuta pamoja na baadhi ya programu za ofisini huitaka iwe imewashwa.

Uvumi mpya zaidi unahusu mwaka 2026. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, ambavyo ndivyo vilivyotia muhuri shim nyingi za Linux na vianzishi vya Windows, vinafikia ukomo kati ya Juni na Oktoba 2026, na watu wakaanza kuambiana kwamba kompyuta za zamani zitazimika siku hiyo. Hazitazimika. Kwa kawaida UEFI inapokagua sahihi haiangalii kalenda, kwa hiyo kianzishi kilichokubaliwa jana kitaendelea kukubaliwa. Kinachobadilika ni upande wa vitu vipya: vianzishi vitakavyotiwa sahihi kwa vyeti vya mwaka 2023 peke yake havitatambuliwa na ubao mama ambao haujavipokea vyeti hivyo. Mtu atakayeandaa flashi ya Linux ya toleo la baadaye kwa ajili ya laptopu ya zamani anaweza kukutana na maneno “Invalid signature detected”, akadhani flashi ni mbovu. Vyeti vipya huletwa na masasisho ya Windows, na upande wa Linux programu ya fwupd inaweza kuvipokea pale mtengenezaji wa kompyuta anapovitoa. Ufunguo wa BitLocker uwe karibu wakati huo pia, maana hata badiliko hilo linaweza kuishtua TPM.

Kuna malalamiko mawili ambayo hupachikwa kwenye masasisho wakati chanzo chake ni kingine. La kwanza ni Linux kukataa kuandika kwenye patisheni ya Windows. Windows inapozimwa kwa mtindo wake wa kuharakisha kuwaka, haizimiki kabisa. Inaiacha patisheni ikiwa nusu wazi, na Linux kwa tahadhari huisoma tu. Sasisho kubwa linaweza kuurudisha mtindo huo hata kama uliwahi kuuzima, na amri ya powercfg /h off, ikiandikwa kwenye dirisha la msimamizi ndani ya Windows, huuondoa.

La pili ni saa. Ukitoka Linux ukaingia Windows, saa inasoma saa tatu nyuma, na fundi anakuuzia betri mpya ya ubao mama. Linux huandika kwenye saa ya ubao mama muda wa dunia, yaani UTC, huku Windows ikiusoma kana kwamba ni muda wa hapa, na tofauti ya Afrika Mashariki na UTC ni saa tatu kamili. Betri iliyochoka haikosei kwa saa tatu kamili kila siku; hurudisha tarehe miaka nyuma. Kwa tofauti ya saa tatu, amri moja ndani ya Linux inatosha: timedatectl set-local-rtc 1.